Rangi ya Nje na Mtu Anayelala Ndani

Wahenga wetu hawakuiamini sana sura ya nje. Walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walisema pia nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wengi wetu tumeziandikia methali hizi insha tangu shule ya sekondari, na jibu lililopata alama lilikuwa moja: nje hudanganya, ndani ndiko uliko ukweli, basi mwenye busara asipoteze muda kupamba kinachoonekana. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuuliza kama methali hizi zilitungwa na watu waliokaa mahali pamoja au na watu wa safari. Naona swali hilo lina uzito kuliko tunavyodhani.

Mfano wangu ni nyumba ndogo yenye magurudumu mawili. Baba yangu alikuwa dereva wa greda, na kwa miaka tisa aliishi katika karavani iliyofungwa nyuma ya greda hilo. Kwa wenzangu waliokulia mjini, nieleze kidogo. Barabara ya murramu haijengwi ikaisha. Mvua huichimba, malori huifanya mawimbi mawimbi, na greda hupita tena kuikwangua na kuirudishia mgongo katikati ili maji yateremkie mitaroni. Kazi husogea polepole. Jioni ikiingia dereva yuko mbali na alipolala jana, na greda si chombo cha kurudi nacho nyumbani kila siku. Kwa hiyo nyumba ndiyo inayomfuata. Karavani ya baba ilikuwa na fremu ya mbao, mabati membamba ya aluminiamu kwa nje, plaiwudi kwa ndani, vitanda viwili, jiko la gesi na pipa la maji. Alizunguka nayo Teso na Karamoja, yeye na msaidizi wake. Mimi nililala humo likizo nyingi, hasa Desemba na Januari, kwa kuwa huko ndiko baba alikopatikana.

Karavani haikuwa mali yake. Ilikuwa ya mwajiri, na mwajiri aliihudumia kwa utaratibu tunaoufahamu sote: gurudumu likipasuka analeta gurudumu, mengine shauri yako. Jua la Karamoja halina huruma na rangi. Miale yake hula ile gundi inayoshikilia chembe za rangi, nazo chembe hubaki juu kama unga. Ukipitisha kidole ubavuni kinatoka kana kwamba umefuta ubao wa darasani. Rangi ya njano ya zamani ilikuwa imepauka ikawa kama uji. Vumbi jekundu lilijikita katika kila mshono, na chini ya madirisha mvua ilikuwa imechora michirizi myeusi. Mwishoni mwa mwaka 2015 baba aliamua kuipiga rangi upya kwa pesa yake mwenyewe, shilingi laki mbili na kitu. Mama alipopata habari kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sijasikia likiulizwa vizuri zaidi katika darasa lolote la maadili: “Baba Opio, hiyo rangi unampakia nani?”

Hakuwa anauliza kwa kejeli. Nyumba yetu ya Tororo ilikuwa na paa linalovuja upande wa jikoni. Karo ya muhula wa kwanza ilikuwa inangoja. Na kitu chenyewe si chetu. Mwajiri akiamua kesho kumpa dereva mwingine, rangi yetu itaondoka nacho. Mama aliona kwamba kama pesa ni lazima iingie katika karavani, basi iingie ndani: godoro lilikuwa limekwisha. Kwake yeye, anayepamba nje ya nyumba ya kazi ilhali analalia godoro bovu anawafanyia wapita njia mchezo wa kuigiza.

Mama hakusoma Plato, lakini Plato angekaa upande wake. Katika mazungumzo yaitwayo Gorgias, Sokrate anatofautisha sanaa zinazotunza mwili na zile zinazojifanya kuutunza. Mazoezi ya viungo huufanya mwili uwe mzuri kweli. Kujipamba huuonyesha kuwa mzuri bila kuugusa. Kujipamba, kwa maelezo yake, ni aina ya ubembelezaji: hufanya kazi kwa rangi, kwa ulaini na kwa mavazi, na humfanya mtu avae uzuri wa kuazima akasahau uzuri wake mwenyewe ambao angeupata kwa mazoezi. Ukiweka karavani mahali pa mwili, hukumu ni hiyo hiyo. Kuziba kunakovuja ni tiba. Kupiga rangi ni poda.

Hoja hii ina nguvu mradi tukubali kwamba nje na ndani ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa. Mimi niliyeshika msasa na brashi Desemba ile sikubali, na sababu zangu ni za kazi yenyewe.

Jumapili mbili za kwanza hatukufungua kopo la rangi hata moja. Kwanza tuliosha, kwa sabuni ya unga na brashi laini, kutoka juu kwenda chini, kisha tukaacha ikauke siku nzima. Halafu tulifuata mishono. Karavani haifi kwa jua; hufa kwa maji yanayoingia mahali bati linapokutana na bati, au pembezoni mwa dirisha, au penye ribiti iliyolegea. Maji yakishaingia hayatoki. Bati la nje halina shida nayo, hubaki limesimama vilevile, lakini fremu ya mbao nyuma yake huoza kimyakimya, na siku moja unabonyeza ukuta kwa kidole gumba ukaingia kama mkate. Kwa hiyo baba alikwangua ziba zote za zamani. Mtu aliyekuwa nayo kabla yake alikuwa ametumia silikoni kila mahali, na silikoni ina tabia moja mbaya: rangi haishiki juu yake, hujikunja ikaacha vijicho. Ilibidi itoke yote kwa kisu na subira. Tulibadilisha ribiti zilizokula kutu, tukaziba mishono upya kwa ziba inayobaki laini, kwa kuwa nyumba inayovutwa kwenye barabara mbovu hucheza kila siku na ziba ngumu hupasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe ungekuwa wa kununua, na haukuwa na duka.

Ndipo ukaja msasa, kupunguza ule unga na kuipa rangi mpya mahali pa kung'ang'ania. Mahali bati lilipokuwa wazi tulipaka praima ya aluminiamu, maana rangi ya mafuta ikiwekwa moja kwa moja juu ya bati hilo hubanduka kama ganda la kitunguu. Madirisha yalikuwa ya plastiki, na baba alinionya nisithubutu kuyagusa kwa thina, kwani yangejaa nyufa ndogo ndogo zisizoondoka tena. Na katika kugusa kila shubiri ya ile karavani tuligundua kitu ambacho hakuna aliyekijua: pembe ya chini karibu na mlango ilikuwa laini. Mbao ilikuwa imeanza kuoza. Baba alikata kipande, akaweka kingine, akaendelea.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalonifanya nisikubaliane na Plato katika mfano huu. Pembe ile haikugunduliwa na mtu aliyekuwa akikagua ndani. Ndani kulikuwa na kabati mbele yake. Iligunduliwa na mtu aliyekuwa anataka nje kupendeze. Rangi inayokusudiwa kudumu haikubali kupakwa juu ya uozo. Penye unyevu huvimba malengelenge, penye kutu hupasuka, penye vumbi hubanduka. Kwa hiyo anayeitaka rangi hiyo analazimika kuujua ukweli wa ukuta kabla ya kuufunika. Hapo kupamba hakushindani na kutunza. Ni namna mojawapo ya kutunza, pengine ndiyo pekee itakayomtoa mtu kitandani Jumapili asubuhi, kwa sababu hakuna binadamu anayefurahia kukwangua silikoni kwa ajili ya silikoni.

Najua jibu litakalokuja: mtu anaweza kupaka rangi kwa siku moja, bila msasa, bila kuziba chochote, na ikang'aa kwa miezi sita. Ni kweli. Nitalirudia.

Kwanza niseme juu ya ugumu mwingine, ambao mtu mwenye nyumba ya kawaida haujui. Nyumba ya kawaida ukitaka kuitengeneza unahamia kwa ndugu. Anayeishi barabarani hana pa kuhamia. Anatengeneza kitu akiwa ndani yake. Greda lilifanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, na lilitimua vumbi ambalo lingejibandika kwenye rangi mbichi kama sukari kwenye mandazi. Kwa hiyo baba alipaka ubavu mmoja tu kila Jumapili, alfajiri kabla upepo haujaamka, karavani ikiwa imeegeshwa nyuma ya miti, mbali na barabara. Jumatatu iliyofuata greda lilitoka peke yake na karavani ikabaki palepale mpaka ikauke. Usiku tulilala madirisha wazi kwa ajili ya harufu, tukiwalisha mbu. Kwa karibu mwezi mzima tulikuwa na nyumba yenye rangi mbili: ubavu wa kushoto njano mpya, wa kulia uji. Watoto wa vituoni walitucheka vizuri. Ukitutazama kutoka Soroti tulikuwa watu wa maana, ukitutazama kutoka Moroto tulikuwa masalio.

Mwanafalsafa wa Austria, Otto Neurath, aliyefariki mwaka 1945, alitumia mfano unaokaribia huu. Alisema sisi tunaotafuta maarifa ni kama mabaharia wanaolazimika kuijenga upya merikebu yao wakiwa katikati ya bahari, bila kupata nafasi ya kuipandisha bandarini na kuifumua yote. Wanabadilisha ubao mmoja huku wamesimama juu ya mwingine. Yeye alikuwa anazungumzia elimu, lakini sioni kwa nini mfano huo usihusu maadili pia. Ni wachache wanaopata mwaka mtupu wa kujirekebisha wakiwa wamekaa pembeni ya maisha yao. Tunajirekebisha ubavu mmoja, tukionekana na wote, tukiwa na rangi mbili. Anayetudai tuwe tumemaliza ndani kabla ya kugusa nje anatudai bandari ambayo hatuna.

Sasa nirudi kwenye swali la mama: rangi unampakia nani? Jibu la baba, nalikumbuka vizuri, lilikuwa fupi. Alisema, “Wewe unao majirani.” Simu ikaishia hapo kwa siku hiyo, na ilinichukua muda kuelewa kwamba lile lilikuwa jibu kweli.

Mtu aliyekaa mahali miaka ishirini ana mashahidi. Akipita na shati lililochanika watu husema, huyo ndiye yuleyule mwalimu, mtu mwema, leo ana shida. Sura yake ya nje haina kazi kubwa kwa sababu ndani yake kunajulikana. Wamekula kwake, wamezika naye, wamemwona akilipa madeni. Ndiyo maana methali inaweza kumwambia mtu fungua uingie ndani. Kwa mtu wa kupita, nani atafungua? Mchana yuko kazini, jioni amechoka, wiki mbili baadaye hayupo. Ule ubavu wa nje ndio barua yake pekee ya utambulisho, na huisomwa na kila mtu hata asiyejua kusoma. Tukimwambia asiijali, tunamhukumu kwa maadili ya watu wenye kiwanja.

Katika kituo kimoja kidogo kule Teso palikuwa na mama muuza chai ambaye baba alinunua chai kwake kila aliporudi upande ule, labda kwa miaka mitatu. Baada ya rangi kukamilika na pazia kufuliwa, alikuja mwenyewe na birika mpaka karibu na karavani, akasimama, akasema, “Mzee, kumbe humu mnalala watu? Mimi siku zote nilidhani ni stoo ya dizeli.” Tulicheka sana. Lakini fikiri kidogo maana yake. Kwa miaka mitatu, kwa macho ya mwanamke ambaye hakuwa na ubaya wowote, baba alikuwa mtu anayetoka ndani ya stoo. Wiki ile ile palitokea msiba kituoni, na mtoto alitumwa kuja kutuomba mchango wa matanga. Baba alitoa shilingi elfu kumi kwa furaha ambayo sijawahi kuiona mtu akitoa pesa. Kuombwa mchango ni kuhesabiwa. Mama, aliposimuliwa, alisema basi sasa wamepata mtu wa kumdai, na hilo nalo lilikuwa na ukweli wake.

Sitadai kwamba ni rangi iliyofanya hivyo. Greda lilikuwa limevunjika kifaa na tulikaa hapo siku nyingi kuliko kawaida. Huenda ni kukaa. Na sitaki kuonekana nasema kwamba ukijipamba dharau huondoka, maana ipo historia inayonikanusha. Huko Uingereza, tangu katikati ya karne ya 19, familia za Waromani, wale Waingereza waliowaita Gypsy, waliishi katika magari ya mbao ya kukokotwa na farasi yaitwayo vardo. Yalichongwa, yalipakwa rangi nyekundu na kijani, na walioweza waliongeza karatasi ya dhahabu halisi kwenye nakshi. Mwaka 1885 daktari mstaafu wa jeshi la majini, William Gordon Stables, alitengenezewa gari la kukokotwa kwa ajili ya kustarehe tu, akaliita The Wanderer, akasafiri nalo kutoka kusini mwa Uingereza hadi Inverness kule Scotland. Lilikuwa la mbao za mahogani zilizong'arishwa. Yeye huhesabiwa kuwa baba wa karavani za matembezi. Waromani, ambao magari yao hayakuwa mabaya zaidi, waliendelea kufukuzwa kutoka kiwanja hadi kiwanja. Sheria ya mwaka 1968 ilizilazimu mamlaka za serikali za mitaa kuwatengea viwanja. Sheria ya mwaka 1994 ikaliondoa jukumu hilo. Rangi ilikuwa ileile, barabara ileile, kilichotofautiana ni kwamba mmoja alijulikana ana nyumba nyingine ya kurudi.

Kwa hiyo kama baba alikuwa anapaka rangi ili aheshimiwe, alikuwa anacheza kamari ambayo wengine wameipoteza kwa vizazi. Hapa hoja yangu ingekufa, kama heshima ya wengine ndiyo ingekuwa sababu pekee. Lakini katika desturi za Waromani kuna jambo lililonigeuza mawazo. Kwa mapokeo yao, mwenye vardo akifa, gari lake mara nyingi lilichomwa moto pamoja na vitu vyake. Dhahabu yote ile iliungua. Mtu anayejua kwamba gari lake litachomwa haliremeshi kwa ajili ya mnunuzi, na baada ya kufukuzwa mara mia hawezi kuwa bado analiremesha kwa ajili ya polisi. Analiremesha kwa sababu yeye ndiye anayelala humo.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka. Namrudia sasa yule aliyesema mtu anaweza kupaka kwa siku moja bila kuziba. Ndiyo, anaweza, lakini tumwulize atalala wapi usiku. Anayebaki ndani hawezi kujidanganya kwa muda mrefu, kwa kuwa mvua ya Aprili itamdondokea yeye kichwani. Kila uongo atakaoupaka nje ataulipia ndani. Anayepaka kisha akaondoka ndiye anayeweza kudanganya, na hata akitumia rangi ileile, kopo lilelile, tendo lake ni jingine. Plato alitafuta udanganyifu katika aina ya kazi: mazoezi ni kweli, mapambo ni uongo. Mimi nadhani alipaswa kuutafuta katika mahali atakapokuwa mpambaji mvua ikinyesha.

Jambo hili lilipimwa bila kutarajiwa. Mwaka 2019 mwajiri aliamua kuuza mitambo ya zamani kwa mnada, karavani ikiwemo. Wakati huo baba alikuwa anakaribia kustaafu na karavani ilikuwa imechoka kweli. Sakafu karibu na mlango, pale pale tulipoweka kipande, ilikuwa imeoza upya na safari hii fremu yenyewe ilikuwa imeguswa. Agizo likaja kwamba dereva aipige rangi kabla ya mnada. Si kuitengeneza, kuipiga rangi. Kopo mbili zililetwa, bila praima, bila ziba. Mtu yuleyule, mkono uleule, karavani ileile. Ila sasa asingelala humo.

Swali la namna hii lina umri mrefu. Mrumi Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia ubishi wa wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na Antipater, kuhusu mtu anayeuza nyumba yenye kasoro asizozijua mwingine: mbao mbovu, wadudu, hewa ya kuleta maradhi. Diogenes anasema muuzaji asiyesema uongo hana kosa. Kunyamaza si kuficha, na mnunuzi ana macho. Antipater anajibu kwamba kumwacha mtu atumbukie shimoni kwa kutojua ni vibaya kama kumwonyesha njia isiyo sahihi kwa makusudi. Cicero anakaa na Antipater, na kwa muuzaji nami nakaa naye.

Lakini baba hakuwa muuzaji. Alikuwa mfanyakazi aliyepewa brashi. Kukataa kungemgharimu, tena miezi michache kabla ya kiinua mgongo, na sidhani kama maadili yanayomtaka mtu apoteze kiinua mgongo kwa sababu ya kopo mbili za rangi yametungwa na mtu mwenye watoto. Alipaka. Alipaka vizuri kadiri ilivyowezekana bila vifaa, kwa kuwa hakujua kupaka vibaya. Kisha akafanya jambo moja ambalo hakuna aliyemwagiza. Zulia la plastiki lililofunika sakafu alilikunja lote, akaliegemeza ukutani, na mlango akauacha wazi, hivyo kwamba mtu yeyote anayepanda ngazi angekutana na ule uozo kabla hajainua uso.

Nimebishana na wenzangu wa darasa kuhusu zulia hilo. Mmoja alisema ni ujanja wa kuosha mikono: ametii kwa nje na kuasi kwa ndani, na mnunuzi anayetazama kutoka mbali mnadani hapandi ngazi. Mwingine alisema ni zaidi ya alichodaiwa, kwa sababu aliyeficha kasoro ni aliyeagiza, na mtumishi hawezi kubeba dhambi ya bwana wake yote. Mimi naona kwamba kukunja zulia kulitosha kumtoa baba katika udanganyifu, lakini hakukutosha kuitoa ile rangi. Rangi ile ilibaki kuwa ya mtu asiyelala ndani. Tendo moja linaweza kuwa na wenyewe wawili, mmoja msafi na mwingine si msafi, na hili ni jambo ambalo Cicero hakulishughulikia kwa kuwa muuzaji wake alikuwa na nyumba yake na mikono yake.

Karavani ilinunuliwa na mtu wa Soroti. Ameiondoa magurudumu, ameiweka juu ya matofali karibu na stendi, anauzia humo chapati na vocha za simu. Imepigwa rangi ya kampuni moja ya simu, nyekundu kabisa, mpaka kwenye madirisha. Nilipita hapo mwaka jana nikanunua chapati kupitia dirisha, kwa hiyo sakafu sikuiona. Mpaka leo nyumbani wanabishana kama yule mnunuzi alipanda ngazi siku ya mnada. Baba anasema alipanda, akaangalia chini. Mama anasema wanunuzi hawaangalii chini.